Nairobi hadi New York: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na saa za safari

Mama alishika tiketi yake akasoma kwa sauti: kuondoka JKIA, Nairobi, 23:00, kufika JFK, New York, 06:00. Akahesabu kwa vidole, saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. "Saa saba tu, mwanangu? Hata basi la Mombasa linachukua zaidi." Ilikuwa Januari, anaenda kumwona mjukuu. Dawa yake ya presha huinywa kila siku saa mbili usiku, kwa hiyo ilinibidi hesabu niipate sawasawa.

Anza na umbali, na usiupime kwenye ramani ya ukutani. Ukiweka rula hapo, mstari unapita Kongo, Nigeria na Mali, na sivyo ilivyo. Tafuta tufe la dunia; mimi nilichukua la binti yangu wa gredi ya sita, na uzi wa kushonea. Bana ncha moja Nairobi, ukaze uzi hadi New York. Utauona unapanda kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, Chad, Algeria, Morocco, halafu baharini karibu na visiwa vya Azores. Dunia ni mviringo, na hiyo ndiyo njia fupi. Marubani huikwepa kidogo penye anga iliyofungwa au hali mbaya ya hewa.

Uzi wangu ulitoka sentimita 28. Nikauzungusha kwenye ikweta, sentimita 94. Ikweta ina kilomita kama 40,000, basi kila sentimita ni kilomita 425, na safari nzima 11,900. Hesabu kamili ni takriban 11,840. Uzi wa kushonea, na umekosea kilomita 60 tu!

Ndege kubwa hukata kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya: saa 13 na dakika kadhaa. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kisha kuna upepo: juu kule kaskazini huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege ya New York inaukabili usoni. Ndiyo maana Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, kwenda kuliwekwa saa 15 na kurudi 14.

Sasa tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake, kwa hiyo usitoe moja kwa nyingine kabla hujazileta kwenye saa moja. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8; wakisogeza saa zao mbele mwezi Machi, zinabaki 7. Basi 06:00 ya kule ni 14:00 yetu, saa nane mchana. Kutoka saa tano usiku, hizo ni saa 15 kamili.

Angalia tarehe pia. Tiketi ikisema 00:30 Jumamosi, uwe uwanjani Ijumaa jioni. Jirani yetu alifika na mabegi yake Jumamosi usiku, ndege imeshaondoka.

Mama nilimwambia asiguse saa yake ya mkononi, iendelee kusoma Nairobi. Ikionyesha saa mbili usiku, kule ni saa sita mchana. Kesho yake, saa mbili na dakika tano usiku, simu ikalia. "Nimeshakunywa," akasema, "na huku ni mchana kweupe."