Somo: Namba kwenye lebo na bei ya kadi za kale za besiboli

Kabla hujailipa kampuni ya kupima kadi hata dola moja, elewa kwanza unalipia nini. Kadi itakayorudi ni ileile uliyoituma. Itakuja ndani ya kasha la plastiki lililofungwa, lebo ina namba kati ya 1 na 10 inayoonyesha hali ya kadi, 10 ikiwa bora kabisa, na chini yake kuna namba ya cheti. Basi. Unalipia imani ya mnunuzi wa mbali ambaye hajawahi kuishika kadi yako. Kwa kadi za zamani, ambazo siku hizi zinauzwa kwa picha tu, imani hiyo ina bei kubwa. Lakini si kila kadi inairudisha gharama yake, na hapo ndipo watu wengi wanapoliwa.

Hatua ya 1: Wajue wapimaji

Wenye uzito wa miaka mingi sokoni ni watatu: PSA (1991), SGC (1998) na Beckett (1999). Kwa kadi za baada ya Vita Kuu ya Pili, lebo ya PSA kwa kawaida huuza juu kuliko wenzake hata namba ikiwa ileile. SGC imejijengea heshima kwa kadi za kabla ya vita. Kasha lake lina fremu nyeusi, na kadi ndogo ya T206 (toleo la pakiti za sigara la 1909 hadi 1911) yenye ukingo mweupe inapendeza mno humo. Beckett ina nguvu zaidi kwenye kadi za kisasa. Wapimaji wengine wapo, ila ukikutana na lebo usiyoijua, ihesabu kadi hiyo kama haijapimwa.

Hatua ya 2: Ipime wewe kwanza

Hapa usiwe na haraka. Tafuta meza safi, taa moja ya pembeni, lenzi ya kukuza mara kumi na rula nzuri. Zima taa ya dari. Ishike kadi kwenye kingo, iinamishe taratibu mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake. Mkunjo ambao hukuuona ulipoitazama wima utajitokeza kama uzi mwembamba unaokatiza rangi. Mkunjo wa namna hiyo, hata mwepesi, mara nyingi huifunga kadi kwenye 4 au chini yake, hata kama kona ni kali kama wembe.

Halafu kona zote nne, mbele na nyuma. Halafu linganisha upana wa ukingo mweupe kushoto na kulia, juu na chini. Kadi nyingi za zamani zilitoka kiwandani picha ikiwa imeegemea upande mmoja, hivyo zilikosa namba kubwa kabla mtoto yeyote hajazigusa.

Mwisho pima ukubwa. Kadi ya kampuni ya Topps ya 1952 ni inchi 2⅝ kwa 3¾. T206 ni inchi 1 7/16 kwa 2⅝. Ikipungua, jiulize kama kuna aliyepitisha wembe ili kona zilizochakaa zionekane mpya. Ukingo uliokatwa upya huonekana mweupe na laini kuliko kingo tatu zilizobaki. Taa ya zambarau (ultraviolet) nayo inasaidia: karatasi ya kabla ya miaka ya 1950 kwa kawaida haing'ai chini yake, ila karatasi nyingi za kisasa zinang'aa.

Usidhani kampuni haipitwi na udanganyifu. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya mchezaji Honus Wagner, toleo la T206, ikapewa 8. Mwaka huohuo wa 1991 nyota wa hoki Wayne Gretzky na Bruce McNall, mmiliki wa timu yake, walikuwa wameinunua kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Lakini ilikuwa imeshauzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007, na umaarufu wake haujafa. Mimi naichukulia kama kesi ya pekee. Kadi yako na yangu zikigunduliwa zimekatwa, hakuna atakayezipenda kwa ajili ya hadithi zake.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ngazi

Tafuta bei ambazo kadi zimeshauzwa. Bei anazotaja muuzaji ni ndoto zake, ziache. Andika mauzo ya karibuni ya namba moja chini ya unayotarajia, ya namba yenyewe, na ya moja juu.

Utaona ngazi hazilingani. Kutoka 3 kwenda 4 hatua ni fupi, ila kutoka 8 kwenda 9 unaweza kupanda mlima. Chukua kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya Topps 1952, kadi namba 311 katika seti. Sy Berger wa Topps alisimulia jinsi makasha ya kadi za toleo hilo ambazo hazikuuzwa yalivyotupwa baharini Atlantiki mwaka 1960. Zilizowafikia watoto zilifungwa raba na kutiwa mifukoni, kwa hiyo zilizobaki safi ni za kuhesabu. Ya PSA 9 iliuzwa dola milioni 5.2 Januari 2021. Ya SGC 9.5 iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Nusu alama si sababu pekee, maana soko nalo lilikuwa limebadilika na kadi ile ya pili ilikuwa na historia ya umiliki inayojulikana. Lakini tazama pia kampuni: ilikuwa SGC, na hakuna aliyejali. Kadi ikiwa nzuri kupita zote, jina la mpimaji hurudi nyuma.

Kampuni hutoa pia orodha ya kadi ngapi zimepata namba gani. Isome kwa tahadhari: watu huvunja makasha na kutuma kadi ileile tena wakitafuta namba kubwa, hivyo kadi moja inaweza kuhesabiwa mara mbili au tatu.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme kadi yako bila kupimwa inauzika dola 90. Ikipata 4 ni 120, ikipata 5 ni 190. Ada pamoja na posta ya kwenda na kurudi ni 50. Ikirudi na 4 umebaki na 70, umepata hasara. Ikirudi na 5 umebaki na 140. Kama nafasi ni nusu kwa nusu, wastani ni 105: umehangaika kote huko kwa dola 15. Na kadi ikirudi na thamani kubwa kuliko kiwango cha thamani ulicholipia, PSA watakudai ada zaidi.

Hatua ya 4: Soma herufi, si namba tu

PSA huweza kuweka herufi pembeni ya namba: OC maana yake picha haiko katikati, MK imeandikwa, ST ina doa. Kwa mazoea ya soko, 8 yenye OC huuzwa karibu na 6 safi. Unaweza kuomba wasiweke herufi. Watashusha namba badala yake.

Kuna pia lebo isiyo na namba, inayosema tu kwamba kadi ni halisi. Kwa kadi ya kawaida ni msiba. Lakini kwa kadi ya Wagner ni tofauti: nusu ya kadi iliyochanwa iliuzwa kwa zaidi ya dola 475,000 mwaka 2021.

Hatua ya 5: Tuma

Mfuko laini, kisha kishikio cha plastiki kinachopinda kidogo, siyo kile kigumu. Katikati ya makadibodi mawili. Piga picha pande zote mbili. Lipa bima.

MASWALI YA WANACHAMA

Columbus, Ohio: Kaka, mzee jirani amenipa sanduku zima la kadi za 1987 hadi 1990. Nizipeleke zote?

Hapana, ndugu. Miaka hiyo kadi zilichapwa kwa wingi wa kutisha na kila mtu alizihifadhi. Hata kadi ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck, 1989, imepimwa zaidi ya mara laki moja na PSA. Chagua majina makubwa tu, na tuma ile unayoamini kabisa itapata 10. Nyingine mpe mtoto azifurahie.

Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Nimeona Mantle ya 1952 mtandaoni, lebo ina 10, anauza dola 60. Nimwambie shemeji wa Marekani aninunulie?

Marahaba. Mwambie atulie. Za PSA 10 zinazojulikana ni tatu tu duniani. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti hiyo, kadi zake ni ndogo kuliko za awali na nyuma zimeandikwa kwamba ni marudio. Kampuni isiyojulikana inaweza kuipa 10 bila kusema uongo wowote: ni kadi safi kabisa ya 1983. Ukikuta lebo ya PSA, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao ulinganishe, tena kona kwa kona kama picha ipo, maana makasha bandia nayo yanaiba namba za kweli.

Houston: Nina kadi ya kampuni ya Goudey ya 1933 kwenye kasha la SGC, namba 4. Nikivunja kasha niipeleke PSA nitapata zaidi?

Dada, usivunje. PSA wanapokea kadi ikiwa ndani ya kasha la mwenzao. Unaandika namba ya chini unayokubali, na wasipoifikia wanakurudishia ilivyo. Ada unalipa vilevile. Kwa kadi za kabla ya vita, pengo kati ya hizo mbili si kubwa kama watu wanavyodai. Fanya hesabu ya hatua ya 3 kwanza. Kuhusu habari kwamba wenye PSA waliinunua SGC mwaka 2024: ni kweli, ila lebo bado ni mbili na wanunuzi bado wanazitofautisha.

Minneapolis: Naweza kuisafisha kabla ya kutuma?

Nta ya karatasi ya pakiti iliyobaki usoni mwa kadi, wakusanyaji wengi huipangusa taratibu kwa soksi ya nailoni, na hakuna ubishi. Dawa ya kung'arisha, rangi ya kuziba kona, kupiga pasi mkunjo: hayo ni kuichezea kadi. Wakiyagundua utanyimwa namba, na ada usitarajie kurudishiwa.