Mutoto anakohoa na kilo haipande: namna tunafuataka TB mu servisi ya batoto

Nyie baanfirmie wapya munaniulizaka TB (kifua kikuu) ya mutoto munaijua aje wakati labo inarudisha tu negatif. Labo usiiwekee roho yote. Mutoto mudogo hana mikrobe mingi mu kifua kama mukubwa, tena hajue kutema makohozi, anameza, njo maana negatif haiseme hana TB.

Anza na mama: nani anakohoa kwenu? Na akisema "hakuna" mbio mbio, rudilia, uliza baba mudogo, uliza mupangaji, uliza koko (bibi ya mutoto). Sisi hapa Bukavu tulikuwa na mutoto wa Kadutu, komini moja ya muji, mwaka moja na nusu, tulimupatia antibiotike mara tatu ju ya nimonia, homa inashuka siku mbili inarudi, kumbe koko mwenye kumubebaka ku mugongo anakohoa pale pale kando ya kitanda, kitambaa ku kinywa, na kila asubui tunamusalimia tunapita. (Mvua ikinyesha batu banafunga madirisha yote ju ya baridi. Fungua, hewa ipite.)

Kisha mizani. Kilo yenye haipande hata anakula muzuri, ile inanitisha kuliko kikohozi.

Hawezi kutema? Chukua mavi, GeneXpert (mashini ya labo yenye kutafuta mikrobe ya TB) inayapima na OMS (shirika ya afya ya dunia, WHO) ilikubali, ni rahisi kuliko kumulaza njaa na kumuingiza sonda (mupira) ya pua. Pima na VIH (virusi ya SIDA). Radio (picha) ya kifua ikiwa haiko isikuzuie: OMS mu 2022 ilitoa karatasi ya kuhesabu alama (pointi za dalili) kwa batoto ya chini ya miaka 10, na radio ao bila radio, alama zikipita 10 dokta anaanzisha dawa.

Dawa ni bure, mama asilipishwe. Kinini ya batoto (ile yenye RHZ, ni kusema rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, pamoja) inaenda na kilo: 4 mpaka 7 kinini 1, 8 mpaka 11 vinini 2, 12 mpaka 15 vitatu, 16 mpaka 24 vine, na etambutoli (dawa ya ine) dokta akiiandika. Usiponde na kijiko, tia mu kikopo ya maji kidogo, inayeyuka yenyewe, anywe palepale. Onya mama mbele kwamba mukojo itakuwa nyekundu, la sivyo ataacha dawa. TB yenye si kali ni miezi 4, kali ni 6, ya bongo inaenda mbali zaidi.

Na batoto bengine ku nyumba, chini ya miaka 5, wenye hawana TB, bapewe dawa ya kukinga. Koko naye apimwe.

Kilo unapima kila mwezi ju dozi inafuata kilo. Ule wa Kadutu aliingia na 7,6, kinini 1. Mwezi ya pili 8,3, tukaongeza kinini, na mama akaanza kulia, alifikiri ugonjwa imezidi. Ilibidi nimuonyeshe mizani mara mbili.