Kufunga hita ya miale kwenye banda la farasi

Usiku wa Julai huku Lang'ata baridi huuma, lakini farasi mzima mwenye manyoya makavu na nyasi za kutosha hahitaji hita. Hita ni ya mgonjwa, mzee aliyekonda, au mtoto kama yule wa siku nne niliyemsaidia jirani kumpashia joto wiki jana.

1. Nunua ya chuma yenye wavu mbele, isiyo na feni, maana feni hupeperusha vumbi la nyasi. Balbu nyekundu za vifaranga siziruhusu bandani: zikidondokewa na maji hupasuka, na vioo vya moto huangukia maranda.

2. Ining'inize kwa minyororo miwili, kamwe si kamba. Farasi akisimama kwa miguu ya nyuma hufika mbali. Paa likiwa chini ya mita 3, usifunge. Iweke kona moja, mbali na nyasi, ili mnyama akizidiwa na joto ahamie upande wa pili.

3. Stima. Hita ya wati 1500 kwa volti 240 hula zaidi kidogo ya ampea 6. Ipe waya wake kutoka kwenye boksi la swichi, wa milimita 2.5 za mraba, ndani ya bomba la chuma kwa sababu ya panya. Ekstensheni usiitumie, ikiachwa imeviringishwa huweza kuyeyuka. Weka pia breka ya miliampea 30 inayokata stima ikivuja. Ya jirani ilikatika kila tulipowasha, na fundi akataka kuiondoa. Nilikataa katakata: farasi ana viatu vya chuma na husimama kwenye mkojo, mshtuko mdogo waweza kumwua. Tulichomoa hita, breka ikaendelea kukatika, basi kosa lilikuwa kwenye waya. Tukaufungua kipande kwa kipande tangu saa mbili usiku hadi saa saba, tukakuta kiungo nje ya ukuta kimefungwa tepu tu, kimelowa umande. Tulivuta waya mpya usio na kiungo, breka ikatulia. Mtoto alikuwa ametetemeka muda wote huo chini ya blanketi. Kagua viungo kwanza, mchana.

4. Washa, weka kiganja usawa wa mgongo wa farasi kwa dakika kumi. Kikiungua, pandisha hita.

5. Usizibe matundu ya hewa. Amonia ya mkojo huumiza mapafu.

6. Kila Jumamosi zima, ipoe, futa vumbi na utando wa buibui. Swichi iwe nje ya banda, saisi aweze kuizima bila kuingia.