Kabla hujapanda Mtae na rangi zako

Mchoraji aliyekulia Tanga mjini ana ugonjwa wake: macho yamezoea mwanga wa bahari. Mchanga, ngalawa, minazi, jua linalowaka mpaka vivuli vinakuwa vyeusi tii. Mimi ninao pia. Ndiyo maana safari yangu ya kwanza Mtae, kule ukingoni kaskazini mwa Usambara ya Magharibi, nilifungua boksi nikaona nimebeba rangi za Raskazone, za ufukweni kwetu Tanga. Chini yangu nyanda za Mkomazi zilikuwa kijivu, kahawia na zambarau iliyofifia, na mimi nina makopo mawili ya njano.

Basi kabla ya kukata tiketi, amua kwanza ukubwa wa kazi. Acha turubai kubwa nyumbani. Tom Thomson, Mkanada aliyekuwa akizunguka na mtumbwi kwenye maziwa ya Algonquin, Ontario, alichorea vibao vya sentimita 21 kwa 27 hivi. Picha kubwa alizifanya Toronto wakati wa baridi, akivitazama vibao hivyo. Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 1917. Wachoraji wengine wa Kanada, Lawren Harris na A.Y. Jackson, walipokwenda Aktiki, kule kwenye barafu ya kaskazini kabisa, mwaka 1930 walipanda meli ya kupeleka mahitaji, na meli haimsubiri mchoraji. Unachokiona unakidaka haraka, makubwa baadaye. Mtae kisichosubiri ni ukungu. Unauona unapanda kutoka bondeni taratibu, unadhani una muda, halafu ghafla huoni hata mgomba ulio mbele yako. Mpe seremala hadibodi moja akukatie vibao sita au saba, vipige msasa, vipake rangi nyeupe mara mbili, vikauke kabisa kabla ya kuondoka. Mtae si mahali pa kutafutia duka la rangi.

Rangi zenyewe zinataka kufikiriwa zaidi. Akriliki, ambayo huku pwani inakauka ukiwa bado umeshika brashi, haipendi baridi. Ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi haishikani vizuri, na alfajiri za kipupwe, Juni na Julai, milimani si za kuzifanyia mzaha. Rangi ya maji ni mtihani mwingine, kwa sababu karatasi inakunywa ukungu na kila ulichopaka kinatembea. Mimi siku hizi nabeba rangi ya mafuta, ya bomba si ya kopo la kupakia milango, nyeupe mara mbili ya unavyodhani, bluu mbili, udongo mwekundu na njano kidogo. Kijani usinunue. Kijani cha dukani ukikipaka juu ya msitu wa Magamba kinapiga kelele. Changanya bluu na ule udongo mwekundu, tia njano chembe, utapata kile kijani kizito kinachokaribia weusi. Na kadiri mlima unavyokuwa mbali, ongeza bluu na nyeupe, punguza kila kitu kingine. Siku hewa ikiwa safi, hasa mvua ikishaosha vumbi, utaiona hata Kilimanjaro, na utashangaa jinsi ilivyo nyepesi, karibu sawa na anga.

Nguo: sweta, kofia, soksi nzito, glovu zilizokatwa ncha za vidole. Basi.

Usafiri wa kwenda unajulikana, Muheza, Korogwe, Mombo, kisha zile kona za kupanda Soni hadi Lushoto. Kutoka Lushoto kwenda Mtae ulizia gari siku moja kabla, maana si kama daladala za mjini. Kazi ni kurudi na picha mbichi. Mwaka mmoja nilivifunga vibao vinne pamoja kwa kamba, uso kwa uso, kondakta akavitupa kwenye buti chini ya viroba vya kabichi. "Kaka, usihofu, vimekaa vizuri." Nilipofika Tanga nilivibandua kwa kisu cha jikoni. Kila kimoja kilikuwa kimechukua anga ya mwenzake. Thomson alikuwa na sanduku lenye mifereji ya kupitishia vibao visigusane. Seremala yuleyule anaweza kukutengenezea. Ukikosa, weka kizibo kwenye kila pembe kati ya kibao na kibao, funga, na usimpe kondakta. Pakata mwenyewe.

Ukifika, pita ofisi ya kijiji ujitambulishe kabla ya kutandaza vitu, na kama unataka kuingia ndani ya hifadhi ya msitu, omba kibali kwa watu wa misitu mapema. Ukionekana umekaa ukingoni saa tatu nzima unatazama chini bila mtu kujua wewe ni nani, maneno yatazagaa.

Watoto watakuja. Wazee pia. Mmoja alisimama nyuma yangu muda mrefu na bakora yake. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, kisha akasema, "Mbona shamba langu umelipita?" Kweli, nilikuwa nimeliacha, lile la mahindi upande wa kushoto, kwa sababu lilikuwa linaniharibia mstari wa mlima. Nikamwambia ngoja. Nikatoa kibao kingine, nikamchorea shamba, kibanda na mti wa mparachichi, akaondoka nacho kikiwa kibichi, amekishika kwa ncha za vidole kama sahani ya uji wa moto. Ndiyo maana nikasema vibao sita au saba.