Picha za shingo kabla ya upasuaji wa tezi ya parathiroidi: usiondoke kabla ya ile ya pili

Mama alipata mawe ya figo mara tatu kule Arua, Uganda, kabla daktari hajampima kalsiamu kwenye damu. Ilikuwa 2.9 mmol/L, juu ya kawaida, na homoni ya parathiroidi nayo ilikuwa juu. Ugonjwa ulijulikana hapo, kwa damu: tezi ya parathiroidi ilikuwa inatoa homoni kupita kiasi na kupandisha kalsiamu. Ukiwa huna majibu hayo mawili, usikimbilie picha: kazi yake ni kumwonyesha daktari wa upasuaji pa kukata.

Tezi za parathiroidi kwa kawaida ni nne, ndogo kama punje za mchele, nyuma ya thairoidi, ile tezi kubwa ya mbele ya shingo. Mara nyingi inayoharibika ni moja tu. Ikijulikana ilipo, mkato huwa mdogo.

Anza na ultrasaundi, haina mionzi. Hakikisha fomu imeandikwa "parathiroidi". Ya mama iliandikwa "shingo" tu, mpimaji akaangalia thairoidi akamaliza, tukalipa mara mbili. Kipimo hiki hakioni nyuma ya mfupa wa kifua, na tezi nyingine hujificha huko.

Kisha picha ya sestamibi, tuliyoifuata Kampala. Dawa yenye teknesiamu, inayotoa mionzi kidogo, huchomwa mshipani. Kama una mimba au unanyonyesha, sema kabla ya sindano. Picha ya kwanza hupigwa baada ya dakika kama 15: thairoidi na tezi mbovu zote zinang'aa. Ya pili ni baada ya saa 2 au 3, thairoidi ikiwa imeshaiachia dawa na tezi mbovu bado imeishikilia. Mama alidhani tumemaliza, akajifunga kitenge aende kula. Nikamwambia, "Mama, keti, bado." Ile nukta ilionekana kwenye picha ya pili, chini upande wa kushoto. Kwa hiyo tenga siku nzima, wala usikate tiketi ya basi la jioni hiyo.

Picha mbili zikipingana, daktari anaweza kuomba CT (picha ya eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kuchoma mshipani. Mwambie hali ya figo zako. Zote zisipoonyesha kitu, ugonjwa haujafutika. Tafuta daktari aliyekwisha kufanya upasuaji huu mara nyingi, kwani anaweza kuikuta tezi kwa macho yake.

Siku ya upasuaji beba picha zenyewe na sidii, siyo karatasi ya majibu peke yake. Daktari wa mama aliziweka mbili sambamba, akazitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akachora alama kwa kalamu shingoni mwake.