SOMO: Kusoma utabiri wa moto wa siku mbili tatu, pwani na milimani (soma mpaka mwisho ndo uulize)

Wakuu, msimu wa moto ukianza tu hapa California napata swali lilelile, "utabiri ulisema unyevu wa usiku asilimia 85, mbona moto umepanda mlima saa nane usiku?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa meseji, sasa naandika mara moja. Kazi yangu ni kusomea vikosi utabiri kwenye redio asubuhi na jioni, eneo letu upande mmoja bahari upande mwingine milima, kwaiyo hapa naongelea eneo la namna hiyo.

Hatua ya 1. Fungua utabiri wa hali ya hewa ya moto wa ofisi ya NWS (idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani) inayohudumia eneo lako. Sio app ya simu.

Hatua ya 2. Angalia saa uliotolewa. Msimu wa moto huwa unatoka mara mbili kwa siku, wa asubuhi usiutumie jioni.

Hatua ya 3. Tafuta zoni yako (kipande cha eneo chenye utabiri wake), sio kaunti yako. Kaunti moja inaweza kuwa na zoni ya pwani, ya mabonde na ya milima, na siku hiyohiyo pwani kuna ukungu huku mlimani nyasi zinakauka.

Hatua ya 4. Soma maelezo ya juu kabla ya namba. Wengi wanaruka hapa wanakimbilia jedwali, na maelezo ndo yanakwambia kwanini. Ukiona front kavu (mpaka wa hewa mpya inayoingia bila mvua) inapita, upepo wa kutoka bara, radi bila mvua, au tabaka la ukungu wa bahari linapungua kina, simama usome tena. Tarehe 6 Julai 1994 kule South Canyon, Colorado, ilipita front kavu ya baridi, upepo ukapanda, moto ukakimbia mlima kuelekea juu, wazimamoto 14 wakafa. Front ilikuwa imetabiriwa. Taarifa ikibaki kwenye karatasi bila kumfikia aliyeko mlimani haijamsaidia mtu.

Hatua ya 5. USIKU. Hii ndo niliyokosea mimi kwaiyo naomba uvumilivu wenu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kikosi cha watu 20 juu ya mgongo wa mlima, kama mita 900 hivi, nikachukua namba ya unyevu wa usiku kutoka kituo cha chini karibu na bahari, asilimia 92, nikawasomea hiyo na kuongeza "usiku mtapumzika." Saa saba usiku bosi wa kikosi akaniita, akasema hewa huku juu ni ya uvuguvugu, nyasi zinavunjika mkononi na upepo umeanza kutoka kaskazini mashariki. Nikafungua kituo cha mlimani: joto nyuzi 24, unyevu 19. Moto ukaja upande wao, wakashuka kwenye eneo lililokwishaungua wakakaa humo mpaka kukakucha. Wote walirudi wazima, lakini ile sauti kwenye redio bado ninaisikia nikifungua utabiri.

Kilichotokea ni hivi. Hewa baridi yenye unyevu ya bahari inakaa chini, juu yake kuna hewa ya joto na kavu imeifunika kama mfuniko wa sufuria. Wakati wa kiangazi ule mfuniko mara nyingi unakaa mita 300 hadi 600 juu ya bahari. Aliye chini ya mfuniko anaona ukungu anavaa koti, aliye juu yake yuko kwenye hewa nyingine kabisa na usiku wake hauna umande. Mabondeni pia hewa baridi inashuka chini usiku, katikati ya mteremko unabaki mkanda wa joto ambao haupoi usiku kucha. Na nyasi zilizokufa zinafuata unyevu wa hewa ndani ya saa moja hivi, kwaiyo hewa ikiwa kavu usiku basi nazo ni kavu usiku, hazisubiri jua.

Kwaiyo: usisome unyevu wa usiku bila kujua ni wa urefu gani kutoka usawa wa bahari. Utabiri ukitoa namba mbili, ya mabonde na ya migongo, tumia ya pale watu wako walipo. Ukitoa moja tu, tafuta kituo kilicho karibu na urefu wao ukague cha jana usiku. Na usimwambie mtu atapumzika, mwambie namba.

Hatua ya 6. Upepo. Namba ya utabiri wa moto ni ya futi 20 juu ya mimea, yaani mita 6, sio usoni pako. Maili 20 kwa saa kwenye utabiri inaweza kuwa 8 usoni kwenye nyasi za wazi na 2 tu chini ya msitu mnene. Usishushe ulinzi kwasababu uko msituni, ukitoka kwenye miti utaukuta wote.

Hatua ya 7. Mvua. Usiangalie uwezekano wa mvua, angalia uwezekano wa mvua ya kulowesha, ambayo ni milimita 2.5 kwenda juu. Kwenye kipimo cha radi cha 1 mpaka 6, namba 1 maana yake hakuna, 6 ni radi kavu, ukiona 6 piga simu hata kama mtu amelala.

Hatua ya 8. Tahadhari ya hali ya hewa ya moto inatoka mapema, onyo la bendera nyekundu linatoka hali ikishaanza au iko karibu, ndani ya saa 24 hivi. Vigezo vinatofautiana kila eneo. Kutokuwepo kwa onyo sio ruhusa.

Hatua ya 9. Linganisha na vituo vya moto vya mlimani, vinatuma vipimo kila saa kwa setilaiti. Utabiri ukisema unyevu 30 na kituo kinasoma 17, amini kituo, kisha wapigie watabiri uwaambie.

MASWALI

Mchomvu: Mkuu ndefu sana hii. Kwa kifupi kesho moto utakuwepo au haupo?

Jibu: Utabiri hauwashi moto, unasema ukiwaka utafanyaje. Hatua ya 3 na ya 5.

Bintibahari: Asante kaka, nimeelewa mfuniko. Swali, upepo wa Santa Ana unatoka jangwani na kule kuna baridi, mbona ukifika pwani ni wa moto?

Jibu: Swali zuri dada. Hewa inatoka nyanda za juu za bara, inashuka kuelekea bahari, na hewa ikishuka inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Kila mita 1,000 za kushuka inapata karibu nyuzi 10, haijalishi jua lipo au halipo. Sasa weka na hii kichwani: hewa ikipata joto nyuzi 11 bila kuongezewa maji, unyevu wake unakuwa kama nusu. Ilianza na unyevu 30 ikashuka mita 1,100, inafika na 15. Ndo maana pia upepo ule unaweza kuwa mkali usiku na alfajiri, hauhitaji jua. Moto wa Camp, kaskazini mwa California, wa tarehe 8 Novemba 2018 ulianza asubuhi mapema kwa upepo wa namna hiyohiyo, kutoka kaskazini mashariki ukishuka korongo, na mvua ya vuli ilikuwa bado. Walikufa watu 85.

Bintibahari: Kwaiyo Santa Ana ikija ule mfuniko wa bahari unaenda wapi?

Jibu: Unasukumwa baharini. Ndo siku ambayo hata namba ya pwani inakuwa kavu. Upepo ukilegea unarudi, wakati mwingine ghafla, upepo unageuka na ubavu wa moto uliokuwa umetulia unakuwa kichwa cha moto, yaani sehemu inayokimbia mbele. Ulize utabiri saa ya kugeuka.

Kamanda_T: App yangu inasema unyevu 80 hapa mjini. Nyie mnatisha watu tu.

Jibu: App yako inasoma mjini. Mimi naongelea mita 900. Nimeeleza kwa aya mbili nzima, tafadhali zisome.

Msafiri wa Nyanda: Nina kipande cha ardhi cha kuchoma kwa mpango, kiko kwenye korongo, hakuna kituo karibu. Nifanyaje?

Jibu: Omba utabiri wa mahali maalum, ndo kazi yake. Wape latitudo na longitudo, urefu wa chini na wa juu wa kipande, mteremko unaangalia wapi, kuna nyasi au vichaka, na vipimo ulivyochukua wewe mwenyewe pale na saa yake. Hivyo vipimo ndo vinawafanya wakupe kitu cha maana, bila hivyo wanakisia. Kisha uwarudishie kilichotokea.

Mzee wa Utambi: Kuongezea, mnaotumia kipimajoto cha kuzungusha kupima unyevu (viwili pamoja, kimoja kina utambi wenye maji), badilisheni utambi. Ukichafuka unasoma unyevu mkubwa kuliko ulivyo. Maji yaliyokenekwa (distilled), sio ya chupa ya kunywa, zungusha kivulini, uso kwenye upepo, mpaka namba ya utambi iache kushuka.

Jibu: Mzee asante. Na mkono usiguse ncha ya chini ya kipimajoto, joto la vidole linaingia.

Dogo_Redio: Mimi jana nimechanganya, utabiri umesema upepo utageuka 0200, nikawaambia wenzangu saa mbili usiku.

Jibu: Umefanya vizuri kusema. 0200 ni saa nane usiku, saa mbili usiku ni 2000. Na kama kuna herufi Z mwisho, hiyo ni saa ya dunia, kiangazi hapa toa 7, msimu wa baridi toa 8. Kwenye redio taja tarakimu zote nne, kisha mwambie aliyepokea azirudie.

Dogo_Redio: Akirudia vibaya?

Jibu: Unaanza upya, hata mara tatu.