Pointi za hoteli na usiku wa njiani kwa msafiri wa Tanga

Mtu wa Tanga anayeishi ng'ambo mara nyingi hafiki nyumbani siku anayotua. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Tanga mjini ni takriban kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera, na aliyetua usiku akiwa na watoto na masanduku hana budi kutafuta pa kulala. Usiku huo, pamoja na ule wa Nairobi au Frankfurt wa kusubiri ndege ya kuunganisha, ndio unaostahili pointi zako za hoteli, yaani alama ambazo kampuni za hoteli humpa mwanachama wao na ambazo hulipia chumba badala ya fedha, kuliko kuzihifadhi kwa ajili ya likizo ambayo huenda usiipate. Wengi wetu tunazo, zimelundikana kutokana na safari za kikazi au kadi ya mkopo, nazo hupotea pasipo mwenyewe kujua: kampuni za hoteli za Hilton na Marriott huzifuta iwapo akaunti itakaa miezi 24 bila shughuli yoyote, na IHG, nayo kampuni ya hoteli, huzifuta baada ya miezi 12 kwa mwanachama wa daraja la chini.

Kabla ya kuzitumia, piga hesabu. Chukua bei ya chumba kwa fedha, pamoja na kodi zote, uigawe kwa idadi ya pointi zinazotakiwa. Tuseme chumba ni dola 200 au pointi 40,000. Hapo kila pointi imekununulia nusu senti, thamani inayokubalika kwa pointi za Hilton, lakini kwa Hyatt, ambako pointi hupatikana kwa shida zaidi, ungekuwa umezitupa. Weka nafasi mapema, kwa sababu chumba cha pointi kwa kawaida huweza kufutwa hadi siku chache kabla ya kufika na pointi zote zikarudi. Bei ikishuka baadaye, weka nafasi mpya kwanza, ndipo uifute ile ya zamani.

Linalowakwamisha watu zaidi ni pasipoti. Sheraton ya Frankfurt imeunganishwa na Terminal 1, na Hilton ya Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, hufikiwa kwa njia iliyoezekwa, kiasi kwamba unavuta sanduku lako hadi mapokezi bila kuguswa na mvua. Hata hivyo, hoteli zote mbili ziko nje ya ukaguzi wa uhamiaji. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayetoka Marekani, na ambaye hana viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wala kibali cha ukaazi cha nchi ya eneo hilo, hawezi kuzifikia hata kama chumba kimekwisha kulipiwa. Huyo ni afadhali atafute ndege inayounganisha siku hiyohiyo, au alale Nairobi, ambako Mtanzania hahitaji viza na ambako Four Points ya Marriott na Crowne Plaza ya IHG zipo katika eneo la uwanja wa Jomo Kenyatta. Waliochukua uraia wa Marekani au Uingereza hawana nafuu hiyo. Wao waombe kibali cha kielektroniki cha Kenya kabla ya kuondoka.

Kulala Nairobi au Addis Ababa kuna sharti jingine linalosahaulika. Kenya na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa anayetoka nchi hizo, hata aliyekuwa akisubiri ndege uwanjani kwa zaidi ya saa 12. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti hakiishi muda, kwa hiyo kitafute kwenye makabati kabla ya kuchoma nyingine.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ndege inayotua saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 12 huandikwa kwenye tiketi kuwa imefika tarehe 12 saa 03:00, lakini chumba unachokihitaji ni cha usiku wa tarehe 11. Ukiweka nafasi ya tarehe 12, utaambiwa usubiri hadi mchana. Ukishaweka ya tarehe 11, iandikie hoteli kwamba utachelewa na uitajie namba ya ndege, maana asiyetokea huhesabiwa kuwa ameacha chumba, na pointi zake huenda zisirudi.

Kwangu mimi, hakuna matumizi bora ya pointi kuliko kumlaza mzazi anayekuja kukutembelea. Mama anapanda basi stendi ya Kange asubuhi, anashuka Mbezi alasiri akiwa amechoka, na ndege yake ni ya alfajiri. Najua wapo watakaouliza kwa nini alale hotelini ilhali ndugu yupo Temeke. Ndugu ataagwa kwa simu na kutembelewa wakati wa kurudi. Usiku huo mama anahitaji kitanda, maji ya moto na mtu wa mapokezi wa kumwamsha. Hyatt Regency ya Kivukoni hupokea pointi. Iko mjini, si uwanjani, ila alfajiri Barabara ya Nyerere huwa nyeupe.

Mipango mingi ya pointi za hoteli hukuruhusu kumwekea mtu mwingine chumba kwa pointi zako, lakini jina lake liandikwe kwenye nafasi hiyo kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama wewe umeandika Mwanaidi na pasipoti inasema Mwanahidi, usishangae akizuiwa mapokezini. Uliza pia kuhusu dhamana. Pointi hulipia chumba tu, na hoteli nyingi hutaka kadi ya benki au fedha taslimu ya kushikilia kwa ajili ya chakula na gharama ndogondogo. Omba fomu ya kuidhinisha kadi yako ukiwa huko uliko, irudishe siku kadhaa kabla, kisha piga simu mapokezi uhakikishe wameipokea. Uliza kama chakula cha asubuhi kimo, na kama anayeondoka saa kumi alfajiri anaweza kufungashiwa chakula hicho. Namba ya uthibitisho iandikwe kwenye karatasi na iwekwe ndani ya pasipoti ya mama, kwa kuwa simu yake inaweza kuisha chaji kabla hajafika Chalinze.